Mwandishi na Mkubwa Wake: Ukatibu wa Ofisi kutoka Boma hadi Wazo

Uhusiano kati ya mkuu wa ofisi na msaidizi wake wa karibu ni miongoni mwa mambo ambayo historia ya utawala wa Tanzania imeyaacha pembeni, kwa sababu nyaraka hubeba saini ya mkubwa lakini hazitaji mkono uliozipiga chapa, uliozipanga katika jalada na kuziamulia siku ya kufika mezani. Hata hivyo majina ambayo Kiswahili kimempa msaidizi huyo kwa nyakati mbalimbali, yaani karani, mhazili, katibu muhtasi, katibu mahsusi na katibu myeka, yanatosha kuonyesha kwamba kazi hii imebadilika sana, na kwamba kila badiliko lilihusu swali moja: msaidizi amekabidhiwa nini, na ameruhusiwa kusema nini mbele ya aliyemkabidhi. Ukarimu wa bosi na adabu ya karani vilikuwa na nafasi yake, lakini havikuwa kiini cha jambo.

Kazi yenyewe ni kongwe kuliko boma la Mjerumani. Msafiri wa Kizungu Stanley alipopita Buganda mwaka 1875 alimwachia Kabaka Mutesa kijana aitwaye Dallington Maftaa, aliyekuwa amekombolewa utumwani na kusomeshwa Zanzibar na misheni ya UMCA, ili amsomee maandiko ya Kikristo. Muda si muda kijana huyo akawa mwandishi wa barua za Kabaka kwa Wazungu. Huko Unyamwezi, mtemi Mirambo naye alimtumia mmisionari na daktari Ebenezer Southon, aliyekaa Urambo hadi kifo chake mwaka 1882, kumwandikia barua za kwenda kwa balozi wa Uingereza Zanzibar, John Kirk. Katika visa vyote viwili mtawala aliyekuwa na nguvu za kuamuru majeshi alimtegemea mtu asiye na jeshi, kwa kuwa ni huyo peke yake aliyejua kilichokwenda ndani ya bahasha. Utegemezi wa namna hiyo ulikuwa na hatari yake, maana mtawala hakuwa na njia rahisi ya kuhakiki kama maneno yake yamefika kama alivyoyatamka, na mwandishi naye alikuwa na mabwana wengine nyuma ya mgongo wake.

Utawala wa kikoloni uliigeuza kazi hiyo kuwa ajira yenye ngazi. Wajerumani walijenga shule ya serikali Tanga katika miaka ya 1890 ili kupata makarani na walimu wanaojua kuandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi, na Waingereza walipochukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza walirithi wasomi hao pamoja na wale wa misheni. Mfano unaojulikana zaidi ni Martin Kayamba, aliyezaliwa mwaka 1891 na kusoma Kiungani, shule ya misheni ileile ya UMCA. Akiwa karani wa serikali huko Tanga aliongoza kuundwa, mwaka 1922, kwa chama cha watumishi Waafrika wa serikali ya Tanganyika. Mwaka 1931 alikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya bunge kuhusu mpango wa kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki, na mwaka uliofuata akapandishwa hadi Sekretarieti ya Dar es Salaam, yaani ofisi kuu ambamo barua zote za Gavana zilipitia. Ilikuwa ngazi ya juu kwa Mwafrika wa wakati ule, ingawa ni vigumu kusema kwamba wakubwa wake walimwona kama mshauri. Walimhitaji zaidi kama shahidi wa mambo ya Waafrika kuliko kama mtu wa kuamua nao.

Mfumo uliowaunganisha mkubwa na karani katika ofisi hizo ulikuwa masijala, neno lenye asili ya Kiarabu linalomaanisha chumba ambamo majalada hutunzwa, hupewa namba za kumbukumbu na hutolewa kwa kuandikishwa. Kila barua iliyoingia ilifungwa katika jalada lake, ikapewa namba ya ukurasa, ikapelekwa kwa afisa pamoja na dokezo, yaani maelezo mafupi yanayomweleza mkubwa jambo limefikia wapi na linahitaji uamuzi gani. Kulikuwa na masijala ya wazi na masijala ya siri, na mgawanyo huo ndio uliopanga daraja za kuaminiana: karani aliyeruhusiwa kushika funguo za masijala ya siri alikuwa mtu tofauti na mwenzake wa chumba cha jirani, hata kama mishahara yao ilikaribiana. Anayelaumu urasimu wa ofisi za Tanzania, na wanaolaumu ni wengi, angefaa kukumbuka kwamba masijala ilimlinda pia mdogo, kwa kuwa dokezo lililoandikwa na kutiwa tarehe lilionyesha nani alishauri nini na nani aliamua kinyume chake.

Umbali wa makazi nao ulikuwa sehemu ya uhusiano huo. Mji wa Dar es Salaam uligawanywa kwa kanda ambazo wenyeji waliziita Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ilijenga nyumba za Waafrika Ilala, Magomeni na Temeke, huku maafisa wakikaa Oyster Bay kando ya bahari. Mkubwa na karani waliokaa pamoja saa nane kwa siku, wakisoma karatasi zilezile, waliachana jioni kuelekea pande mbili ambazo hazikutembeleana. Si ajabu kwamba makarani walitafutana wenyewe kwa wenyewe, wakajaza vyama vya wafanyakazi na African Association iliyoanzishwa mwaka 1929, ambayo mrithi wake, chama cha TANU, kilizaliwa mwaka 1954. Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962, alitokea katika tabaka hilohilo la makarani wa serikali.

Uhuru ulileta kisa ambacho hakina mfano wake katika historia hii, nacho ni cha Joan Wicken, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1925, akafanya kazi katika chama cha Labour cha nchini kwake na kufika Tanganyika katika miaka ya 1950. Wicken alishiriki kutafuta fedha za kujenga Chuo cha Kivukoni, kilichofunguliwa mwaka 1961 ng'ambo ya bandari, Kigamboni. Kuanzia mwaka 1960 akawa msaidizi binafsi wa Julius Nyerere, na akabaki katika kazi hiyo hadi mwaka 1994. Kwa miaka 34 alisaidia kuandaa hotuba na barua, na kuweka sawa maandiko ambayo yalikuja kuchapishwa katika mikusanyo ya hotuba za Mwalimu kuanzia miaka ya 1960.

Urefu wa muda huo unavutia, lakini kinachostahili kuangaliwa zaidi ni kile kilichobadilika na kile kisichobadilika ndani yake. Nyerere alikuwa Waziri Kiongozi, kisha Waziri Mkuu, kisha, kuanzia Januari 1962, kiongozi wa chama asiye na wadhifa serikalini, kisha Rais hadi mwaka 1985, mwenyekiti wa CCM hadi 1990, na mwenyekiti wa Tume ya Kusini tangu 1987. Vyeo vilipita, ofisi zikahama kutoka Ikulu ya Magogoni hadi nyumbani Msasani, lakini msaidizi alikuwa yuleyule. Hakuwa mtumishi wa kiti, alikuwa mtumishi wa fikra za mtu mmoja, na alizijua kiasi cha kuweza kuona mahali ambapo sentensi ya leo inagongana na ahadi ya miaka kumi iliyopita. Aliyafanya hayo bila kupenda kuandikwa magazetini. Kwa mgeni kutoka nchi iliyokuwa imeitawala Tanganyika, kimya hicho kilikuwa busara ya kisiasa pia, maana maneno ya Mwalimu yangepungua uzito mbele ya mahasimu wake kama yangedhaniwa kuwa ya Mwingereza.

Kando ya Wicken kulikuwa na cheo cha kiserikali, katibu myeka wa Rais, yaani katibu wa faragha anayepanga ratiba, wageni na mawasiliano ya Rais na wizara, ambacho Joseph Butiku alikishika kwa miaka mingi. Tofauti ya hao wawili inafundisha kuliko sifa zao: katibu myeka alikuwa sehemu ya utumishi wa umma, na faili zake zilibaki serikalini, ilhali msaidizi binafsi alikwenda na mtu wake. Ofisi inayochanganya nafasi hizo mbili kwa mtu mmoja hupata kasi, lakini siku mkubwa anapoondoka hubaki bila kumbukumbu.

Mwaka 1967 mambo mawili yaliigusa kazi hii kwa watu wa kawaida. La kwanza ni agizo la Kawawa, wakati huo Makamu wa Pili wa Rais, kwamba shughuli za serikali ziendeshwe kwa Kiswahili, agizo lililomlazimu mpiga chapa aliyezoea violezo vya Kiingereza kujifunza upya namna ya kufungua na kufunga barua. La pili ni Azimio la Arusha, lililozaa mashirika ya umma kwa wingi na kwa hiyo mameneja wengi kuliko makatibu waliofunzwa. Kiwanda cha saruji cha Wazo, kilichoanza uzalishaji mwaka 1966 juu ya mlima wa chokaa kaskazini mwa jiji, kiliingizwa katika umiliki wa umma wakati huo. Katika kiwanda cha aina hiyo, kilicho mbali na wizara, ofisi ya meneja ilikuwa ndiyo mlango pekee kati ya mashine na serikali, na aliyekaa kwenye meza ya nje alipokea simu ya wizara, malalamiko ya wafanyakazi na maombi ya saruji ya watu wenye barua za wakubwa, vyote kwa asubuhi moja.

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulizidi kuubana uhusiano huo wa ofisini, kwa kuwa ulikemea viongozi wenye majivuno na dharau kwa walio chini yao, na kati ya 1971 na 1973 wafanyakazi wa viwanda kadhaa vya Dar es Salaam waliutumia kuwakataa mameneja wao. Salamu ya enzi ile ilikuwa «Ndugu», kwa waziri na kwa tarishi. Isiaminiwe sana, hata hivyo, kwamba neno lilifuta umbali: aliyeitwa Ndugu Meneja aliendelea kupiga kengele, na aliyeitwa Ndugu Katibu aliendelea kusimama. «Mheshimiwa» liliporudi kwa nguvu katika miaka ya 1990, ofisi nyingi hazikuhitaji kubadilisha chochote isipokuwa kichwa cha barua.

Katika miaka hiyohiyo ya Azimio na Mwongozo kazi ya ukatibu ilipita mikononi mwa wanawake, waliofunzwa katika chuo cha watumishi wa serikali cha Magogoni na katika Chuo cha Uhazili Tabora kupiga chapa bila kutazama vidole na kuandika hatimkato, yaani alama za mkato zinazowezesha kuyakamata maneno ya msemaji kwa kasi ya kusema kwake. Hatimkato ilikuwa na faida isiyotajwa katika mitaala: ilimlazimu mkubwa akae na katibu wake, afikiri kwa sauti, asomewe alichokisema na kukisahihisha. Kompyuta ilipofika na mkubwa kuanza kujichapia barua pepe zake, kikao hicho kilikufa, na pamoja nacho ikafa nafasi ya kawaida ambapo katibu aliweza kuuliza, kwa heshima zote, «Hili nalo tuliandike hivi?»

Huko Wazo nako mambo yalibadilika: kiwanda kilibinafsishwa mwaka 1998 kwa kampuni ya Scancem ya Norway. Mlima ambao zamani ulikuwa nje ya jiji sasa umezungukwa na nyumba za watu wanaodamka alfajiri kuifuata Barabara ya Bagamoyo hadi ofisi za katikati ya mji, na wanaofanya kazi ya ukatibu wamo miongoni mwao. Matangazo ya ajira serikalini siku hizi hayamtafuti tena katibu muhtasi. Yanamtafuta Mwandishi Mwendesha Ofisi, na majukumu yanayoorodheshwa chini ya cheo hicho ni kupokea wageni, kutunza ratiba ya mkuu wake, kufikisha maelekezo yake kwa wasaidizi na kusambaza majalada. Baada ya karne moja na nusu, neno limerudi palepale alipokuwa Dallington.