Msalaba Ndani ya Herufi ya Mwisho

Katika sura ya 9 ya kitabu chake, nabii Ezekieli anaona mtu aliyevaa kitani, kiunoni ana kidau cha wino. Anaagizwa apite Yerusalemu yote, awatie alama kwenye paji la uso wale wanaougua kwa sababu ya maovu ya mji. Wenye alama wasiguswe. Kwa Kiebrania alama hiyo inaitwa tav, na tav ndilo jina la herufi ya 22, ya mwisho.

Enzi za Ezekieli, karne ya 6 kabla ya Kristo, tav iliandikwa kwa mistari miwili inayokatana, kama alama ya kuzidisha. Baada ya uhamisho wa Babeli, Wayahudi walizoea hati ya mraba iliyotokana na Kiaramu. Humo tav ina umbo la mlango: miimo miwili na boriti juu. Msomaji wa hati hiyo hakuona tena msalaba.

Katika karne ya 3 baada ya Kristo, Origene, mwanateolojia Mkristo, aliwauliza Wayahudi maana ya alama ile. Mmoja alijibu kuwa tav ni ukamilifu, kwani ndiyo inayofunga alfabeti. Wa pili alisema ni Sheria, kwa kuwa neno Torati huanza na tav. Wa tatu, aliyemwamini Kristo, alikumbuka umbo la zamani, akaona humo msalaba. Miaka zaidi ya 150 baadaye, Yeronimo, mfasiri wa Biblia, aliandika hayohayo huko Bethlehemu, akitaja kuwa ushahidi hati ya Wasamaria, iliyohifadhi umbo hilo la zamani.

Mwaka 1215 Papa Inosenti wa Tatu alifungua Mtaguso wa Nne wa Laterano kwa mahubiri yaliyogusa maono ya Ezekieli. Fransisko wa Asizi naye aliipenda alama hiyo, akaitia kwenye barua zake kwa umbo la T, yaani tau, jina la Kigiriki la tav.

Mwaka 1224, mlimani La Verna, Ndugu Leo, mfuasi wa Fransisko, alikuwa na majaribu mazito moyoni. Fransisko alichukua kipande cha ngozi, akaandika baraka, akachora tau ikipita katikati ya herufi za jina la Leo. Leo alikikunja, akakitunza maisha yake yote. Kipo Asizi hadi leo, na mikunjo yake inaonekana. Alama ya Ezekieli ilikuwa ya wanaougua, na safari hii pia ilimfikia anayeugua.