Mzazi Aliyehamia kwa Watoto Wake Ughaibuni: Vipi Atamdhamini Mwenza Aliyebaki Nyumbani?

SUALA:

Baba yetu ni mtu wa Wete na ana duka Mwanjelwa, Mbeya, kwa miaka mingi. Mama alipofariki, baba alioa mjane wa Iringa mwenye watoto wanne. Nikaha ilisomwa mbele ya walii na mashahidi, lakini cheti hakikuchukuliwa. Sisi ni watoto watatu, wawili tuko Australia, na tunataka baba aje kuishi nasi. Kuna anayetushauri baba ajaze kuwa ni mjane tu, kisha akishapata ukaazi ndiyo amdhamini mkewe. Je, inafaa kisharia? Na je, itawezekana?

JIBU:

Sifa zote njema Anastahiki Allaah, Mola wa walimwengu. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), Aali zake na Swahaba zake.

Jibu kwa ufupi: haifai kisharia, na hata kwa kanuni za Australia ushauri huo unamfungia mke mlango badala ya kuufungua. Ama kwa urefu, tumeona tulieleze jambo hili kwa faida ya wote, kwani familia nyingi za Unguja na Pemba zina jamaa wanaofanya biashara Mbeya, Iringa na Nyanda za Juu Kusini kwa jumla, wameoa huko, na watoto wao wako nje.

Kanuni ya Australia

Mzazi anayetaka kuhamia Australia kwa kudumu mara nyingi huomba viza ya mzazi mchangiaji, inayojulikana kwa namba 143, au 864 kwa mzazi aliyefikia umri wa pensheni na ambaye tayari yumo nchini humo. Ada yake ni kubwa: awamu ya pili ya malipo peke yake ni zaidi ya dola 43,000 za Australia kwa kila mtu mzima. Mke au mume wa mzazi anaweza kuingizwa katika ombi hilo hilo, lakini naye atalipiwa ada yake.

Viza ya mwenza, kwa upande mwengine, ada yake ni zaidi ya dola 9,000. Tofauti hii ndiyo iliyowafanya baadhi ya watu wafikirie mzazi mmoja aingie kwa viza ya gharama kubwa, kisha amvute mwenzake kwa viza ya gharama ndogo. Serikali ya Australia iliiziba njia hiyo. Aliyepewa viza ya mzazi mchangiaji kuanzia tarehe 1 Julai 2009 haruhusiwi kumdhamini mwenza kwa muda wa miaka 5 tokea siku aliyopewa viza, ikiwa uhusiano wao ulikuwepo siku hiyo au kabla yake. Kuna msamaha pale panapokuwa na sababu nzito ya kutoomba pamoja, lakini sababu ya kukosa fedha haikubaliwi.

Aliyeoa baada ya kupata viza hafungwi na kanuni hii ya miaka 5. Hapa ndipo shetani anapowaingilia watu: nikaha ilisomwa Iringa mapema, mzazi anajaza kuwa ni mjane, kisha anakwenda kuiandikisha ndoa kwa tarehe ya baadaye ili ionekane mpya.

Tuangalie mwisho wa njia hiyo. Siku atakapomdhamini mkewe, ataulizwa walianza lini. Akisema tarehe ya kweli, amekiri kuwa fomu ya kwanza ilikuwa na uongo, na viza aliyopewa kwa taarifa zisizo sahihi inaweza kufutwa. Akisema tarehe ya uongo, ameongeza uongo juu ya uongo, na ombi la mke likigunduliwa kuwa na taarifa au hati za uongo hukataliwa, na mke anaweza kuzuiwa kupewa viza kwa miaka 3. Ushahidi haukosekani: picha za walima, miamala ya simu, mkataba wa nyumba, maneno ya majirani. Na sheria ya Australia inawahesabu pia wanaoishi pamoja kama mume na mke bila ya cheti, hivyo kusema "ndoa haikuandikwa serikalini" si kinga.

Kipimo cha uwiano wa watoto

Katika suala hili kuna jambo jengine ambalo huenda ndilo lililomfanya mshauri atake mke afichwe. Ili mzazi apate viza hii, angalau nusu ya watoto wake wawe wanaishi Australia kwa kudumu, au wawe wengi zaidi Australia kuliko katika nchi nyengine yoyote. Watoto wa kambo, yaani watoto wa mke wa sasa, nao wanahesabiwa.

Baba yenu akihesabiwa peke yake ana watoto watatu na wawili wako Australia: anapita. Wakiongezwa watoto wanne wa mkewe, wanakuwa saba, wawili Australia na watano Tanzania: hapiti. Wala haisaidii kumtaja mke bila ya kumwombea viza, kwani watoto wake wanahesabiwa vile vile.

Tunajua kuwa habari hii ni nzito kwenu. Lakini ukweli unaomzuia mtu viza hauwi uongo kwa sababu hiyo. Iko njia nyengine ya halali: viza ya muda ya mzazi, namba 870, haina kipimo cha uwiano wa watoto. Hutolewa kwa miaka 3 au 5, na inaweza kuombwa tena hadi jumla ya miaka 10. Haimpeleki mtu kwenye ukaazi wa kudumu, lakini inampa baba nafasi ya kukaa na watoto wake pasi na kumkana mkewe.

Marekani na Kanada

Kwa kuwa wasomaji wetu wana jamaa pia katika nchi hizi, tuzitaje kwa ufupi.

Marekani, raia aliyefikia miaka 21 anaweza kumwombea mzazi wake. Kila mzazi huombewa kwa ombi lake mwenyewe. Mke wa baba haingii ndani ya ombi la baba. Mama wa kambo anaweza kuombewa na mtoto ikiwa tu ndoa ilifungwa kabla ya mtoto huyo kutimiza miaka 18. Ikiwa mtoto alikuwa amekwishavuka umri huo, baba ndiye atakayemwombea mkewe baada ya kupata ukaazi wa kudumu, na mke atangoja foleni. Baba akija kuwa raia, mke hutoka katika foleni hiyo. Hapa kumwacha mke nyuma kwanza ni utaratibu wa sheria yenyewe, si hila. Sharti ni kwamba ndoa iandikwe kwa ukweli katika fomu ya baba. Aliyeficha jambo la msingi ili apate viza anaweza kuzuiwa kuingia Marekani maisha yake yote, isipokuwa apewe msamaha maalumu.

Kanada, mke wa mzazi huingizwa katika ombi la mzazi. Hata kama hasafiri, ni lazima atajwe na apimwe afya na kukaguliwa pamoja na mumewe. Kanuni yao ya msingi ni kuwa mwanafamilia ambaye hakutajwa na hakukaguliwa wakati huo hawezi kudhaminiwa baadaye kwa njia ya familia. Wako walionyamaza kwa kudhani wanarahisisha mambo, wakawa wamewatoa wake zao katika familia kwa kalamu yao wenyewe.

Ama mwenye wake wawili, nchi zote tatu hazimpi viza ya mwenza mke wa pili huku mke wa kwanza akiwa bado yumo katika ndoa.

Karatasi za ndoa na talaka: Bara si Zanzibar

Watu wa visiwani wamezoea kuwa ndoa na talaka ni mambo ya Mahakama ya Kadhi. Mbeya na Iringa hali ni tofauti. Huko inatumika Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo haitumiki Zanzibar. Nikaha inatakiwa isimamiwe na mwenye leseni ya kufungisha ndoa, cheti kitolewe, na taarifa zifike kwa Msajili chini ya RITA. Ndoa iliyosomwa bila ya cheti ni ndoa mbele ya Allaah ikiwa imetimiza nguzo zake, lakini ofisi ya viza itataka ushahidi. Basi iandikisheni sasa, na tarehe itakayotajwa iwe ni ile ile ya siku nikaha iliposomwa.

Talaka nayo ina utaratibu wake. Bara, wenye ndoa hupita kwanza katika Baraza la Usuluhishi. Likishindwa kuwapatanisha hutoa hati, kisha talaka ikitamkwa kisharia, mahakama hutoa amri ya talaka. Mtu aliyemwacha mke Iringa kwa barua ya sheikh tu, kisha akaoa mwengine, anaweza kukuta ombi lake la kumdhamini mke mpya limekwama kwa kuwa ndoa ya kwanza inahesabiwa ipo. Mwenye hali hiyo ashughulikie amri ya mahakama kabla ya kugusa fomu ya viza.

Hukumu ya kisharia

Kwanza, fomu ya viza ni ahadi na ushahidi. Allaah Ametuamrisha tutimize mikataba mwanzoni mwa Suratul Maaidah, na Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) amehesabu ushahidi wa uongo katika madhambi makubwa. Kwamba anayeulizwa ni serikali isiyokuwa ya Kiislamu hakuhalalishi uongo.

Pili, wako wanaopendekeza "talaka ya karatasi", mume amwache mke kwa ajili ya viza, kisha warudiane. Hii ni khatari kubwa. Katika madhehebu yetu ya Imaam ash-Shaafi'iy, tamko la wazi la talaka huangusha talaka hata kama msemaji alikusudia mzaha. Maandishi peke yake hutegemea nia, lakini mahakamani mtu hutamka, na kadhi huhukumu kwa linalodhihiri. Ikiwa ni talaka ya tatu, mke ameharamika kwake mpaka aolewe na mwengine ndoa ya kweli.

Tatu, mke anayebaki ana haki zake. Nafaka ya mke ni deni juu ya mume na haiondoki kwa kupita muda, awe mume yuko Mbeya au Melbourne. Imepokewa kuwa Khalifa 'Umar (Radhiya Allaahu 'anhu) aliwawekea askari muda wa miezi wasikae mbali na wake zao zaidi ya hapo; basi vipi miaka 5 bila ya ridhaa ya mke? Akikubali kungoja, waandikiane matumizi, makaazi na safari za kuonana. Akidhurika, ana haki ya kupeleka shauri lake.

Mambo ya kufanya kabla ya kujaza fomu

1. Baba akae na mkewe na amueleze mpango wote. Watoto wa mke wa kwanza wasilipange jambo hili nyuma ya mgongo wake.

2. Ndoa iandikishwe, na kama kuna talaka ya zamani, amri yake ipatikane. Hati za Kiswahili zifasiriwe na mfasiri anayekubalika.

3. Wahesabiwe watoto wote, wa damu na wa kambo, na nchi wanazoishi.

4. Ikiwa uwezo upo na vigezo vinatimia, mume na mke waombe pamoja. Kuwatenganisha kuwe ni pale sheria inapolazimisha tu.

5. Watafute wakala aliyesajiliwa na serikali ya nchi husika, kwani kanuni na ada hubadilika. Anayewaambia "andika mjane" wamkimbie, hata akiwa jamaa.

Tunawausia watoto walioko nje: kumtaka baba awe karibu nanyi ni wema mkubwa, na wema huo haukamiliki kwa kumdhulumu mwanamke aliyemtunza baba yenu baada ya mama kuondoka. Tunamuomba Allaah Awafungulie mlango wa halali na Awakutanishe kwa kheri.

Na Allaah Anajua zaidi.