Kukosa pumzi wakati wa ujauzito: lini ni kawaida, lini ni hatari

Mjamzito anayepanda mlima kurudi nyumbani Ndera, katika wilaya ya Gasabo jijini Kigali, huenda akasimama mara kadhaa njiani ili avute pumzi. Mara nyingi hali hiyo si ugonjwa. Hatari ni kuizoea mno, hata ugonjwa wenyewe unapoingia, nao ukaitwa uchovu wa mimba.

Kwa nini mjamzito huhema?

Tangu miezi ya mwanzo, kabla tumbo halijaonekana, homoni ya projesteroni huuchochea ubongo kuagiza pumzi nzito zaidi. Baadaye mji wa mimba hukua na kuusukuma juu msuli mpana ulio chini ya mapafu, kwa takriban sentimita 4. Pumzi ya namna hii huja polepole na hutulia mama anapopumzika. Kuelekea mwisho, mtoto anaposhuka kwenye nyonga, wengi hupata nafuu.

Upungufu wa damu

Damu isiyo na chembe nyekundu za kutosha hubeba oksijeni kidogo, hivyo mama huchoka na kuhema upesi. Malaria na lishe duni ni miongoni mwa visababishi. Shirika la Afya Duniani, WHO, linapendekeza kila mjamzito ameze kila siku vidonge vyenye miligramu 30 hadi 60 za madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki, na ahudhurie kliniki angalau mara 8. Mwenye pumu asiache dawa yake ya kuvuta bila ushauri wa daktari.

Dalili zisizongoja

Msaada utafutwe mara moja iwapo:

- pumzi imekatika ghafla, au inabana hata akiwa ameketi;
- hawezi kulala chali bila kukosa hewa, au huamka usiku akihema;
- kifua kinauma, moyo unakwenda mbio, au anakohoa damu;
- mguu mmoja umevimba na kuuma;
- ana homa, midomo imegeuka rangi, au kichwa kinauma sana na uso umevimba.

Dalili hizo zinaweza kuashiria damu iliyoganda kwenye mapafu, nimonia, kifafa cha mimba au udhaifu wa moyo, ambao huweza kujitokeza hata miezi kadhaa baada ya kujifungua.

Nchini Rwanda, kila kijiji kina mhudumu wa afya anayeshughulikia wajawazito na watoto wachanga. Yeye ndiye wa kwanza kuelezwa. Kwa dharura, gari la wagonjwa huitwa kwa namba 912.