Kazi za mbali na makazi, Handeni na Korogwe

Kazi ya mbali ni ile ambayo mtu huifanya nje ya ofisi ya mwajiri, aghalabu nyumbani kwake, kwa simu au kompyuta. Katika wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, kazi hizo bado ni za wachache. Wengi ni wakulima, na jembe halishikwi kwa simu. Lakini suala la mtu akae wapi, na atembee kiasi gani kuifuata kazi, ni la zamani huku.

Korogwe, aliyeamua alikuwa mkonge. Zao hilo lililetwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na reli kutoka Tanga ikafika Korogwe mwaka 1902. Mashamba kama Magunga na Ngombezi yalitaka watu wengi kuliko wenyeji waliokuwa tayari kukata majani ya miba, basi manamba, yaani vibarua wa mkataba, wakaletwa kutoka Kigoma, Songea na hata nje ya nchi, wakawekwa kambini, karibu na shamba. Safari ya kazini ilikuwa ya miguu, alfajiri, panga mkononi. Nyumba ilikuwa ya shamba, si ya mkataji; kazi ikiisha, na paa limekwisha. Mashine ya kuchakata majani waliiita korona, jina lililozoeleka mashambani miongo mingi kabla ya ugonjwa wa mwaka 2020, uliowarudisha watu wa ofisini majumbani sehemu nyingi duniani.

Handeni mambo yalikwenda kinyume. Katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 watu walikusanywa vijijini, mara nyingi kando ya barabara, na mashamba yakabaki mbali. Mkulima akawa ndiye msafiri. Mahindi yakikaribia kukomaa, kwenda na kurudi hakumfai, maana nguruwe pori huja usiku na ngedere mchana. Hujenga dungu, kichanja cha miti chenye paa la nyasi, akalala huko na kopo la kugonga. Kwa hakika ana makazi mawili, ingawa hakuna anayeyaita hivyo.

Kwa mwenye kazi ya mtandaoni hesabu ni nyingine. Haulizi ofisi iko wapi. Anauliza kama umeme upo, kama mtandao unashika hadi chumbani, na kama kiwanja kinanunulika. Akiitwa Dar es Salaam mara moja kwa mwezi, Korogwe inamfaa kwa kuwa mabasi ya Moshi na Arusha hupita hapo mchana kutwa. Handeni ilikuwa nyuma kwa hilo mpaka barabara za lami za kwenda Korogwe na Mkata zilipojengwa. Pembeni ya lami msafiri hutegemea bodaboda, na nauli yake masika, njia inapoteleza, ni ya kuelewana.

Umeme nao una kichekesho chake. Kituo cha Hale, wilayani Korogwe, kilianza kuzalisha umeme kwa maji ya mto Pangani mwaka 1964, lakini kukaa jirani na mtambo si kinga ya kukatikiwa. Kwa hiyo mtu wa kompyuta, kabla ya kulipa kodi ya miezi sita, humuuliza kwanza mpangaji wa chumba cha pili, si mwenye nyumba.