NENO NA MAANA: Chango, msokoto na kusokotoa

Binti wa miaka 12 akijikunja kwa maumivu ya tumbo, utasikia, "Chango hilo, litapoa." Chango ni utumbo mwembamba, na neno hilo hubeba pia minyoo na maumivu ya hedhi. Lisibebeshwe kila kitu. Maumivu makali ya ghafla chini ya kitovu, hasa ya upande mmoja, tena yenye kutapika, yanaweza kuwa msokoto wa ovari: ovari imejizungusha kwenye kano na mishipa yake, damu haipiti. Hapo ni hospitali saa hiyohiyo, hata kama binti hajavunja ungo.

Wengi husema msokoto ukigunduliwa ovari "hutolewa". Sivyo. Kwa watoto, madaktari wa upasuaji siku hizi aghalabu huisokotoa na kuiacha mahali pake, hata ikiwa imevilia damu na kuwa nyeusi, kwani nyingi hupona damu ikirudi. Kusokota ni kupota, kama kamba. Kusokotoa ni kuufungua msokoto huo. Kutoa ni kuondoa kabisa. Mzazi anayeombwa kusaini fomu ya ridhaa ana haki ya kuuliza: mnasokotoa au mnatoa?