Mcheza kwao hutunzwa, lakini na nani? Magitaa mawili kutoka Likasi hadi Goma

Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika Kusini na kuzunguka bara hili na mashine ya kurekodia, alifika Jadotville, mji wa migodi wa Katanga, kusini mwa Kongo, tunaouita leo Likasi. Huko akakutana na kijana aliyekuwa akipiga gitaa barabarani, Mwenda Jean-Bosco. Wimbo wake "Masanga" ulipata Tuzo ya Osborn kama muziki bora wa Afrika wa mwaka huo, na santuri za Gallotone zikausambaza hadi Afrika Mashariki. Aliyeusikia bila kumwona mpigaji angeweza kuapa kwamba ni watu wawili.

Siri ilikuwa vidole viwili tu. Kidole gumba kilishika besi, cha shahada kikacheza sauti ya juu, na kila kimoja kikaenda njia yake. Mtaalamu wa muziki David Rycroft alihitaji makala mbili, mwaka 1961 na 1962, kueleza mkono huo unafanya nini.

Mwenda alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, makao ya M'siri, mwami (mfalme) wa Bayeke. Wazee wa Bayeke walitoka Usumbwa na Unyamwezi, wakiandama biashara ya shaba na pembe. Baadaye kampuni ya migodi ya Union Minière ilikusanya vibarua wa makabila mengi, na Kiswahili kikawa lugha ya kambi. Ndiyo sababu nyimbo za Katanga zilieleweka Nairobi bila mkalimani, wakati rumba ya Léopoldville, Kinshasa ya leo, ilikuja na Kilingala chake.

Mara nyingi Mwenda alipiga na binamu yake, Edouard Masengo, aliyejulikana pia kupitia JECOKE, kundi la nyimbo na vichekesho la mtaa wa Kenya, mjini Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Wawili wakipiga pamoja, kazi hugawanywa. Mmoja hushika mdundo na kubaki palepale, mwingine huzunguka juu yake, kisha sauti mbili huingia kwa pamoja. Vifaa vilikuwa haba. Aliyetaka kupandisha sauti alifunga penseli kwa kamba kwenye shingo ya gitaa, na nyuzi zikabanwa. Waliotaka mdundo wa ngoma walikwaruza chupa ya soda yenye mistari kwa kipande cha chuma. Vyote hivyo vinabebeka mgongoni mwa baiskeli, na havihitaji umeme.

Wepesi huo uliwafikisha mbali, ila nauli ilitoka mfukoni mwa mtu mwingine. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Masengo alikuwa Nairobi akiitangaza Coca-Cola kwa nyimbo. Mwenda naye akaenda huko, akasikika redioni kwa udhamini wa Aspro, vidonge vya maumivu ya kichwa. Vijana wa Kenya waliomsikia wakaanza kuiga mkono wake, na gitaa kavu, lisilo la umeme, likaenea hadi magharibi ya nchi ile. Kwa hiyo sehemu ya historia ya gitaa la Kenya ililipiwa na soda na dawa ya kichwa.

Tangazo lina sharti lake. Linataka wimbo mfupi na jina la bidhaa ndani yake, na likishauza limekwisha. Siku kampuni inapopata njia nyingine ya kuuza, mpiga gitaa hurudi nyumbani.

Alichokikuta nyumbani kilikuwa kimebadilika. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na siku chache baadaye Katanga ikajitenga hadi Januari 1963. Baa nazo zikajaa magitaa ya umeme. Okestra za mtindo wa African Jazz na OK Jazz, bendi za Léopoldville, zilikuwa na vipaza sauti, saksofoni na wachezaji wengi jukwaani. Mara nyingi vyombo vilikuwa mali ya mwenye baa au tajiri fulani, na mwanamuziki alikuwa mwajiriwa wake. Katika nganda, yaani baa, yenye watu mia wanaoongea, magitaa mawili makavu hayasikiki. Watu hawakuwa wameyachukia. Ni mwenye baa aliyeona kwamba okestra inauza bia zaidi.

Mwenda aliendelea kupiga huku akiishi kwa kazi ya ajira. Kisha mlipaji wa namna nyingine akajitokeza. Mwaka 1969 alialikwa kwenye tamasha la muziki wa asili la Newport, Marekani, akakaa jukwaa moja na wapiga gitaa wa huko. Katika miaka ya 1970, Mobutu alipopiga marufuku majina ya Kikristo, Jean-Bosco akawa Mwenda wa Bayeke. Mpiga gitaa Mwingereza John Low alisafiri hadi Shaba, jina la Katanga wakati huo, kuwatafuta yeye, Masengo na mwenzao Losta Abelo, akachapisha kitabu mwaka 1982. Mwenda alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya gari. Kufikia hapo, mikono yake ilikuwa ikichunguzwa zaidi Ulaya kuliko ilivyofundishwa Lubumbashi.

Swali hilohilo la nani analipa liko hapa Goma, mashariki mwa Kongo, ingawa mji huu haujawahi kuwa na Union Minière. Mlipaji wake mkubwa alikuja na msiba. Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walimiminika hapa, mashirika ya misaada yakawafuata, na mengi hayakuondoka. Tangu hapo mwanamuziki wa Goma anajua aina ya wimbo inayolipa: wimbo wa kunawa mikono, wa kipindupindu, wa uchaguzi, wa Ebola, wa amani. Mkataba huja na ujumbe umeshaandikwa, na kazi yako ni kuutafutia melodia. Chérie Rivers Ndaliko, aliyefanya kazi na kituo cha sanaa cha Yole!Africa hapa mjini, aliandika kitabu kizima kuhusu jambo hili mwaka 2016. Hoja yake ni kwamba msaada unaweza kumnyamazisha msanii wakati ule ule unapomlipa.

Nje ya mashirika kuna libanga: tajiri anatoa pesa, jina lake linatajwa katikati ya wimbo. Kuna pia maonyesho ya mwisho wa wiki kwenye hoteli za kando ya ziwa, ambako wawili wenye magitaa wanaweza kupata kazi, kwa kuwa shirika la umeme, SNEL, likikata umeme na jenereta ikikosa mafuta, wao huendelea. Wepesi uleule wa Likasi bado una faida.

Ndipo likaja jukwaa kubwa. Tamasha la Amani lilipangwa kufanyika mwaka 2013, vita vya waasi wa M23 vikalisogeza, likaanza Februari 2014 kwenye uwanja wa Collège Mwanga. Tiketi iliuzwa dola moja. Wafadhili ndio waliobeba gharama kubwa, na amani ilikuwa kwenye jina lenyewe, hivyo tusidanganyane kwamba jukwaa hilo halikuwa na ujumbe. Lakini dola ile ilikuwa na tabia ya pekee. Mtu wa mitaa ya Birere au Katindo anayelipa dola yake hamwambii msanii aimbe nini. Akipendezwa anapiga makofi na kudai wimbo urudiwe. Asipopendezwa anatafuta mahali pa kununua bia. Innoss'B, mwimbaji wa hapa Goma aliyeanza na ndugu zake katika kundi la Maisha Soul, alilelewa na masikio ya namna hiyo kabla mwimbaji wa Tanzania Diamond Platnumz hajaingia kwenye wimbo wake "Yope" mwaka 2019.

Mwishoni mwa Januari 2025 M23 iliuteka mji. Benki zikafunga, uwanja wa ndege ukafunga, na mashirika mengi yakapunguza kazi. Walipaji wakubwa wamekuwa wachache, na hii si habari njema kwa msanii mwenye watoto wa kusomesha. Historia ya magitaa ya Likasi, hata hivyo, inaonyesha kwamba mlipaji mkubwa huondoka hata bila kufukuzwa na vita: Coca-Cola na Aspro waliacha kulipa, na mwenye baa akageukia okestra. Mcheza kwao hutunzwa, wazee walisema, na kutunza kwenyewe kulikuwa noti ndogo iliyotoka kwa jirani. Kabla ya kungoja mfadhili mwingine, wenye kumbi wa Goma wangeanza na kiingilio kidogo mlangoni, kinachohesabiwa mbele ya wanamuziki na kugawanywa usiku huohuo.