SEHEMU TATU KATIKA TANO

Ndugu zangu tuliopita shuleni hapa, nanyi vijana mnaokalia madawati tuliyoyaacha, kila tunapokutana Ifakara hatukosi kuzungumza juu ya mishahara. Safari hii nimeonelea niandike jinsi wazee wetu walivyopangiwa ya kwao.

Enzi za Mwingereza bonde la Kilombero lilikuwa katika Wilaya ya Ulanga, na Boma lilikuwa Mahenge. Mtu wa Ifakara mwenye shauri na Serikali ilimbidi avuke mto, kisha apande mlima. Huko juu alikuta watumishi wa namna mbili. Kulikuwa na wa Serikali Kuu: Bwana Shauri, makarani wake na askari polisi. Tena kulikuwa na wa Serikali ya Wenyeji, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1926 wakati wa Gavana Cameron: watema, majumbe, makarani wa baraza na matarishi. Hawa walilipwa na Hazina ya Wenyeji, yaani kwa fungu la kodi. Jumbe alimdai jirani yake kodi, na humo ndimo ilimotoka posho yake. Si ajabu wengi wao hawakupendwa.

Karani wa Boma alionekana bwana mkubwa, kumbe naye alikuwa na dari juu ya kichwa. Ngazi za mishahara zilifuata rangi: Mzungu, Mhindi, kisha Mwafrika. Katika Polisi Mzungu alianza kazi akiwa ofisa, Mwafrika akaanza konstebo. Makarani waliliona jambo hili mapema. Mwaka 1922 Martin Kayamba alianzisha Tanga chama cha watumishi Waafrika wa Serikali.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ikaja Tume ya Sir Maurice Holmes, ikazunguka Afrika Mashariki. Taarifa yake ya mwaka 1948 ilisema kwamba Mwafrika akishika kazi ya Mzungu, mwenye sifa zilezile, alipwe sehemu tatu katika tano. Vijana wa hesabu mtanielewa: mwenzako akipokea shilingi 1,000, wewe unapokea 600. Sababu? Ati Mwafrika, hata akiwa na elimu sawa na Mhindi, hamfikii kwa bidii, busara wala wingi wa kazi. Kwa karani wa Mahenge hata hizo tatu katika tano zilikuwa ndoto, maana kazi ya Mzungu hakupewa kamwe. Nadhani tusi lenyewe liliuma kuliko shilingi.

Tarehe 1 Agosti 1953 Serikali ikatoa waraka kuwakataza watumishi wake kujiunga na TAA. Mwenye manung'uniko akatakiwa achague: mshahara mdogo, au siasa bila mshahara. Wengi walikuwa na watoto wa kulisha, na mimi siwalaumu.

Mwaka 1954, ule ule iliozaliwa TANU, Tume ya Sir David Lidbury ikashauri ngazi za rangi zifutwe. Zikafutwa, ila watumishi kutoka ng'ambo wakawekewa nyongeza yao maalumu, na tofauti ikaendelea kwa jina jingine. Ilipofika 1961 kazi ya kupanga mishahara ya Tanganyika akapewa Mwafrika, Bwana A. L. Adu wa Ghana.

Mzee aliyestaafu kabla ya hapo, kiinua mgongo chake kilikuwa kimekwisha kupigiwa hesabu kwa mshahara wa zamani.